Majina ya Mahali katika Ramani za Kale za Iramba na Mbuga ya Wembere: Tahajia, Sauti na Utafutaji wa Mafuta

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna majina ya mahali ya uwanda wa juu wa Iramba na mbuga ya Wembere yalivyoandikwa katika ramani za sura ya nchi, tangu ramani za Kijerumani za kipimio cha 1:300,000 hadi zile za kipimio cha 1:50,000 zilizochorwa kwa picha za anga. Hoja ya msingi ni kwamba kila tabaka la ramani lina ufunguo wake wa tahajia, na msomaji asiye na ufunguo huo hupoteza sauti ya jina na pengine mahali penyewe. Suala hili limepata uzito mpya kwa kuwa Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) linatafuta mafuta katika bonde la Eyasi-Wembere, na kazi hiyo inahitaji kumbukumbu sahihi za mahali. Makala yanapendekeza kwamba majina yakusanywe upya kutoka kwa wazungumzaji, yahifadhiwe sambamba na maumbo rasmi, na ramani za kale zisomwe kama ushahidi wa kiisimu.

1. Utangulizi

Mji wa Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba mkoani Singida, uko juu ya uwanda ambao upande wake wa magharibi unashuka ghafla kuelekea mbuga ya Wembere. Maji ya mvua yanayokusanyika katika mbuga hiyo huingia Ziwa Kitangiri, kisha hutoka kwa Mto Sibiti kwenda Ziwa Eyasi, ziwa la magadi lisilo na njia ya kutolea maji. Neno mbuga hapa lina maana yake ya zamani katika nchi za Wasukuma, Wanyamwezi na Wanyiramba: ardhi tambarare ya udongo mweusi ambayo hufurika masika na kupasuka nyufa kiangazi. Msomaji wa leo aliyezoea mbuga kwa maana ya hifadhi ya wanyama anaweza kuikosea ramani tangu neno la kwanza.

Neno mafuta nalo limeanza kubadilika. Singida ni mkoa wa alizeti, na katika masoko yake mafuta yasiyofafanuliwa ni mafuta ya kula. Tangu TPDC ianze utafiti katika kitalu cha Eyasi-Wembere, kitalu kinachogusa mikoa kadhaa ukiwamo Singida, neno hilo limehitaji kifafanuzi: ya alizeti au ya petroli. Utafiti huo una msingi wa kijiolojia. Mafuta yamegunduliwa katika mabonde mengine ya mfumo wa Bonde la Ufa: katika eneo la Ziwa Albert nchini Uganda mwaka 2006, na katika bonde la Lokichar, Turkana, nchini Kenya mwaka 2012. Wembere bado ni eneo la utafutaji, si la uzalishaji. Hata hivyo utafutaji wenyewe huanza na ramani, na ramani haiwezi kutumika bila majina.

Swali linalojadiliwa ni hili: majina yaliyomo katika ramani za eneo hili yalipatikanaje, na yanamwambia nini mtumiaji wa leo? Sehemu ya pili inaeleza tabaka la Kijerumani, ya tatu tabaka la Kiingereza na Kiswahili sanifu. Sehemu ya nne inachambua sauti zilizopotea katika safari hiyo, na ya tano inaeleza kwa nini upotevu huo una athari nje ya taaluma ya isimu.

2. Tabaka la kwanza: ramani za Kijerumani

Ramani kuu ya koloni la Ujerumani la Afrika Mashariki ilikuwa ya kipimio cha 1:300,000, iliyosimamiwa na Paul Sprigade na Max Moisel na kuchapishwa Berlin na kampuni ya Dietrich Reimer. Katika kipimio hicho sentimita moja huwakilisha kilomita tatu, hivyo sentimita moja ya mraba hubeba kilomita tisa za mraba. Vilima vidogo, visima na vitongoji havikuweza kuingia vyote. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya ramani hiyo ilijengwa kwa kuunganisha kumbukumbu za njia zilizopitwa na wasafiri, maofisa na wanajeshi. Majina yamejaa kandokando ya njia na kupungua kadiri mtu anavyoiacha njia. Eneo tupu katika karatasi ya ramani halikuwa lazima liwe tupu katika nchi. Huenda lilikuwa eneo ambalo msafara haukulipita.

Namna ya kuuliza nayo iliacha alama. Mpimaji wa Kijerumani aliuliza kwa msaada wa wapagazi, askari na wakalimani waliotumia Kiswahili, na jibu lilimfikia likiwa limekwisha kuvikwa viambishi vya Kiswahili. Mfano mzuri ni maandishi ya mwanajiografia Erich Obst, aliyefanya utafiti Iramba, Isanzu na maeneo ya jirani kuanzia mwaka 1910. Makala yake ya mwaka 1912 yaliitwa Von Mkalama ins Land der Wakindiga, yaani "Kutoka Mkalama hadi nchi ya Wakindiga". Jamii iliyotajwa ni Wahadzabe, ambao hawajiiti hivyo. Wakindiga ni jina walilopewa na majirani, likabandikwa kiambishi wa- cha Kiswahili na kuingizwa katika kichwa cha habari cha Kijerumani. Jina moja limepita mikono mitatu kabla ya kufika katika karatasi.

Makazi mengi yaliandikwa pia kwa majina ya watawala wao wa wakati huo. Mgeni alipouliza "hapa ni kwa nani?", alipewa jina la mtu, naye akaliandika kuwa jina la mahali. Mtawala alipofariki au kuhama, jina lilibaki katika ramani bila mahali pa kulishikilia. Kwa mwanaisimu, majina hayo ni kumbukumbu za watu kabla ya kuwa kumbukumbu za ardhi, na kuyachanganya na majina ya mito au vilima, ambayo hudumu zaidi, ni kosa la msingi.

Kwa upande wa tahajia, ramani za Kijerumani zina mantiki ambayo mara nyingi huchukuliwa kimakosa kuwa ni uzembe. Herufi j husomwa y, sch husomwa sh, dsch hukaribia j ya Kiswahili. Herufi s moja mara nyingi husimamia sauti ya z, na ss husimamia s. Kwa ufunguo huo Unjamwesi ni Unyamwezi, Usaramo ni Uzaramo, Aruscha ni Arusha, na Issansu ni Isanzu. Katika jina hili la mwisho, ss na s moja zinatofautisha waziwazi sauti mbili ambazo msomaji wa haraka angeziona kuwa moja. Kanuni hiyo haikufuatwa kila mahali: Usambara iliandikwa kwa s moja ingawa sauti yake ni s. Kwa sababu hiyo kila jina huhitaji kupimwa kwa matamshi ya wenyeji kabla ya kukubaliwa.

Ziwa Eyasi linaonyesha ugumu huo. Wajerumani walilitambua pia kwa jina la Njarasa, na jina hilo likaingia hata katika elimu ya viumbe wa kale: mabaki ya binadamu yaliyopatikana kando ya ziwa hilo katika msafara wa Ludwig Kohl-Larsen wa miaka ya 1930 yalipewa jina la kisayansi Africanthropus njarasensis. Mtu anayebadilisha j kuwa y tu atapata Nyarasa. Anayefuata ufunguo mzima atapata Nyaraza. Sauti moja inategemea iwapo msomaji alijua kwamba s ya Kijerumani kati ya irabu mbili ni z.

Tabaka hili lina pia majina yaliyozaliwa na madini. Dhahabu ya Sekenke, katika mteremko wa Iramba, ilichimbwa na Wajerumani, na ndiyo iliyotumika kutengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 zilizofuliwa Tabora mwaka 1916 wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Karibu na Sekenke kuna mgodi ambao maandishi ya kijiolojia huuita Kirondatal. Sehemu ya mwisho, Tal, ni neno la Kijerumani lenye maana ya bonde. Jina kamili lilikuwa "bonde la Kironda". Watumiaji waliofuata hawakuitambua nomino ya Kijerumani, wakaichukua kuwa sehemu ya jina lenyewe, na hadi leo maandishi ya Kiingereza hutaja bonde la Kirondatal, yaani bonde la bonde la Kironda. Mfano huu unadhihirisha kuwa shauku ya kuchimba huacha majina yanayodumu kuliko machimbo yenyewe.

3. Tabaka la pili: Kiswahili sanifu na kipimio cha 1:50,000

Waingereza walikuja na kanuni nyingine. Tangu mwaka 1885 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilikuwa kimeamua kwamba majina ya nchi zisizo na tahajia ya Kilatini yaandikwe kwa irabu zenye thamani ya Kiitaliano na konsonanti zenye thamani ya Kiingereza. Kanuni hiyo inalingana kwa kiasi kikubwa na maandishi ya Kiswahili, na kwa hiyo mabadiliko kutoka Muansa hadi Mwanza yalionekana kuwa marekebisho mepesi. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyosimamia usanifishaji wa Kiswahili, na tahajia sanifu ikawa kipimo cha majina ya kiutawala katika Tanganyika nzima.

Jambo lenye maana ya pekee kwa Iramba ni kwamba Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa Kamati hiyo na msimamizi wa kamusi sanifu iliyotoka mwaka 1939, alikuwa amekwisha kuchapisha maelezo ya sarufi ya Kinyiramba katika jarida la Bantu Studies katika miaka ya 1920. Aliiandika lugha hiyo Kiniramba, kwa r. Maarifa ya lugha ya wenyeji yalikuwapo basi katika chombo chenyewe cha usanifishaji. Lakini lengo la usanifishaji lilikuwa Kiswahili kimoja kwa nchi kadhaa, na majina ya mahali yaliandikwa kama maneno ya Kiswahili, hata yale yasiyokuwa ya Kiswahili.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilianzisha mwaka 1946 idara ya upimaji wa makoloni, ambayo baadaye ilijulikana kama Idara ya Upimaji ya Ng'ambo (DOS). Kwa kutumia picha za anga, idara hiyo pamoja na wapimaji wa Tanganyika, na baadaye Tanzania, ilichora karatasi za kipimio cha 1:50,000, kila moja ikifunika dakika 15 za latitudo kwa dakika 15 za longitudo. Sentimita moja sasa ilikuwa nusu kilomita. Nafasi ya kuandika jina kwa kila kilomita ya mraba iliongezeka mara 36 ikilinganishwa na ramani ya Kijerumani. Vijito, vilima, shule na vitongoji vilipata nafasi.

Picha ya anga huonyesha kilima lakini haitaji jina lake. Majina yaliendelea kukusanywa kwa mdomo, na mara nyingi yalipita kwa karani aliyezoea kuandika Kiswahili cha ofisini. Isitoshe, makazi yaliyopigwa picha kabla ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 hayakubaki yalipokuwa. Familia zilipohamishiwa katika vijiji vya pamoja, baadhi ya majina yalihama na watu, mengine yalibaki katika mahame, mashamba na makaburi. Ramani moja inaweza hivyo kuwa na jina sahihi mahali ambapo hakuna tena nyumba, na kijiji kilichopo kikawa hakimo.

Tabaka hili halikuishia kwa wakoloni. Katika orodha rasmi ya kata za Wilaya ya Iramba imo Old Kiomboi. Kivumishi cha Kiingereza, ambacho pengine kilianza kama ufafanuzi wa karani, kimekuwa jina kamili la eneo la utawala, kama vile Tal ilivyokuwa sehemu ya Kirondatal.

4. Sauti zilizopotea

Upotevu wa sauti katika majina haya una mpangilio. Aina nne zinatosha kuuonyesha.

Kwanza ni l na r. Kiswahili sanifu hutofautisha kitambaza l na kimadende r kama fonimu mbili. Lugha nyingi za Kibantu za eneo hili hazina tofauti hiyo. Wanyiramba hujiita Anilamba na lugha yao Kinilamba, lakini wilaya huandikwa Iramba na lugha huandikwa Kinyiramba au Kiniramba. Mwandishi wa Kiswahili alilazimika kuchagua herufi pale ambapo mzungumzaji hakuwa na chaguo la kufanya, na uchaguzi huo haukuwa na uthabiti. Jina Kitangiri la ziwa lililo chini ya Iramba lina mwenzake katika kata ya Kitangiri jijini Mwanza na katika kata ya Kitangili mjini Shinyanga. Anayetafuta jina hilo katika hifadhidata kwa herufi moja hataliona lenye herufi nyingine.

Pili ni kiyeyusho baada ya konsonanti. Kiambishi ki- kikifuatwa na irabu hutamkwa kama ky- katika lugha nyingi za Kibantu. Katika wilaya hiyohiyo ya Iramba huandikwa Kiomboi kwa ki- na Kyengege kwa ky-. Tofauti hiyo ya maandishi haimaanishi tofauti ya kanuni katika lugha. Inaonyesha tu kwamba majina hayo mawili yaliandikwa kwa mazoea mawili. Mtafiti asiyejua hili anaweza kuhesabu silabi vibaya na kujenga etimolojia juu ya kosa la karani.

Tatu ni nazali ya kaakaa laini. Kiswahili huiandika ng', kwa ritifaa. Jiji ambalo Wasukuma huliita Ng'wanza liliandikwa Muansa na Wajerumani, kisha Mwanza kwa Kiswahili. Nazali ya mwanzo ilitoweka katika hatua ya kwanza na haikurudi. Pale ambapo ritifaa imeandikwa, bado iko hatarini: programu nyingi za kompyuta huifuta au huichukulia kuwa alama ya mwisho wa maandishi. Ng' inapogeuka ng, fonimu moja inakuwa nyingine.

Nne ni irabu, toni na sauti zisizo za Kibantu. Kisukuma na Kinyamwezi, lugha zinazopakana na mbuga upande wa magharibi, zina irabu saba, lakini tahajia ya Kiswahili ina herufi tano. Toni, ambayo hutofautisha maana katika lugha za eneo hili, haiandikwi kabisa. Katika upande wa Eyasi hali ni ngumu zaidi: Kihadza kina vidoko, sauti ambazo alfabeti ya Kiswahili haikuundwa kuziwakilisha. Jina la Kihadza katika ramani limekwisha kuwa tafsiri ya masikio ya jirani.

5. Jina, namba na haki ya mahali

Inaweza kudaiwa kwamba enzi ya setilaiti imeondoa umuhimu wa majina, kwa kuwa kila nukta ina namba zake za gridi. Hoja hiyo inasahau kwamba namba nazo zina ufunguo. Karatasi za 1:50,000 za Tanzania zilichorwa kwa mfumo wa upimaji uitwao Arc 1960, ilhali vifaa vya setilaiti hutumia WGS 84. Nukta moja ikichukuliwa kutoka mfumo mmoja na kuwekwa katika mwingine bila kubadilishwa, husogea takriban mita 300, sawa na milimita sita katika karatasi. Umbali huo unatosha kuihamisha nukta kutoka shamba la familia moja hadi la nyingine, au kuivusha mpaka wa kijiji. Jina lililoandikwa vizuri ndilo linalomwezesha mkazi kusema kwamba nukta hiyo haiko alikoambiwa.

Utafiti wa mitetemo hufanywa kwa mistari mirefu inayokatiza mashamba, malisho na mapito ya mifugo. Kila mstari huzaa nyaraka: taarifa kwa vijiji, tathmini ya athari kwa mazingira, orodha za mazao yatakayofidiwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitambua ardhi ya kijiji kuwa chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji, kwa hiyo kujua ni kijiji kipi kinachoguswa ni jambo la kisheria. Nyaraka zikichukua jina kutoka ramani ya zamani, na kijiji kikawa na jina lingine katika muhuri wake, mkulima atalazimika kuthibitisha kwanza kwamba mahali panapotajwa ni kwake, ndipo adai kilicho chake. Mzee anayesikia jina la hame la babu yake likisomwa kama eneo lisilo na watu anaelewa upesi kwamba tahajia si suala la walimu peke yao.

Uzoefu wa Turkana unaonyesha upande mwingine. Visima vya Lokichar vilipewa majina kama Ngamia na Twiga, maneno ya Kiswahili, sambamba na Etuko na Ekales, maneno ya Kiturkana. Majina ya visima hutolewa na kampuni, lakini baada ya miaka michache huingia katika magari ya abiria, maduka na mazungumzo, na kuwa majina ya mahali. Wembere ikifikia hatua hiyo, ramani itapata tabaka jipya. Kirondatal ni ushahidi kwamba tabaka la namna hiyo halifutiki kirahisi.

6. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa majina katika ramani za Iramba na Wembere yamepita katika tahajia ya Kijerumani, kanuni za Kiingereza na Kiswahili sanifu, na kwamba kila hatua ilipoteza kitu na kuhifadhi kitu. Kuyabadili maumbo rasmi yote si lazima wala si busara: Iramba imekwisha kuwa jina la wilaya, na watu wake wanalitumia bila shida. Kinachohitajika ni kuandika maumbo mawili bega kwa bega, la rasmi na la wazungumzaji, likiwa na irabu, toni na nazali zake, pamoja na maelezo ya kitu kinachoitwa hivyo: kilima, kisima, hame au mtu. Umoja wa Mataifa, tangu mkutano wake wa kwanza wa usanifishaji wa majina ya kijiografia uliofanyika Geneva mwaka 1967, umehimiza kila nchi iwe na mamlaka ya kitaifa ya majina, na mwaka 2022 Tanzania iliendesha operesheni ya anwani za makazi iliyohitaji majina hadi ngazi ya mtaa na kitongoji. Mazingira ya kazi hiyo yapo.

Mpangilio wa kazi ni muhimu kuliko ukubwa wake. Wazee waliozaliwa kabla ya Operesheni Vijiji na wanaoweza kusimama katika ukingo wa Iramba na kutaja, kimoja baada ya kingine, vijito vinavyoshuka Wembere wanazidi kupungua. Wanaisimu wa Kinyiramba, Kinyisanzu, Kisukuma na Kihadza wanapaswa kufika kwao pamoja na karatasi za 1:50,000 na za 1:300,000, na kuzisoma kwa sauti mbele yao, jina kwa jina. Mistari ya mitetemo inaweza kupimwa tena wakati wowote, lakini jina ambalo hakuna tena anayelitamka haliwezi kupimwa upya.